Vazi Nililomnyima Nisreen

S.L.P. 71906,
Nairobi.
Jumatatu, 9 Februari 2026.

Mpendwa ndugu yangu Zaki,

Assalamu alaykum. Mama alitufundisha kwamba mwenye hasira ndiye wa kutangulizwa katika salamu, kwa kuwa yeye ndiye aliye mbali zaidi. Basi nakutanguliza wewe. U hali gani? Kifua kimetulia, au vumbi la Maskati lingali linakukereketa asubuhi? Na Bi Mabruka, mgongo wake umepata nafuu na ule mkanda wa daktari? Mwambie asiuvue akiona nafuu. Nafuu ndiyo inayowadanganya wagonjwa.

Mimi sijambo. Goti la kushoto hupanda ngazi kwa manung'uniko, na ghorofa tatu si haba, lakini hunifikisha. Hapa mjini jana iliteremka mvua ya ghafla, wenye maduka wakakimbizana na majora yao kuyaingiza ndani. Msikitini wameanza kutoa mazulia kuyafua, maana Ramadhani imeshafika mlangoni.

Tangu Jumamosi nimekupigia simu mara kumi na moja. Sikulaumu kwa kutoipokea. Hata mimi ningekuwa wewe nisingeipokea. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuja nayo Dada Syokimau, jirani yetu wa ghorofa ya pili, ambaye ni muuguzi huko kwenu na likizo yake imekwisha. Atakukabidhi mkononi siku ya Alhamisi. Tiketi uliyomkatia Nisreen ya kuja huko ni ya Ijumaa. Kwa hiyo una siku moja tu ya kunisoma, na nakuomba unisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ambapo utataka kuikunja karatasi.

Kwanza nianze na ulichokiona, ili usidhani nimekuja kukikanusha. Uliwakaribisha wageni wanne sebuleni kwako. Ukawasha televisheni uwaonyeshe binti yako akicheza fainali Nairobi. Likatokea jina lake kwa herufi kubwa, jina ulilompa wewe, na juu ya jina hilo akasimama mwanamke mwenye kitambaa kifuani na kingine kiunoni, na bunduki begani. Ukasikia ukumbi mzima ukicheka. Ukazima. Hayo yote ni kweli. Nami nilikuwa pale, na kwenye ukuta wa ukumbi ule mwanamke huyo alikuwa na urefu wa watu wawili.

Sasa nikueleze usichokiona, na univumilie, maana itabidi nikufundishe mchezo wenyewe kidogo. Nimeusoma mwenyewe siku hizi mbili kama nilivyokuwa nikisoma somo kabla ya kuingia darasani.

Ni mchezo wa vita wa kompyuta. Wanacheza wanne dhidi ya wanne. Kila mchezaji anamwongoza mtu wake ndani ya kioo, na kila mtu huyo ana kazi yake. Mmoja anapasua njia, mmoja anavizia, mmoja analinda lango. Wa nne ni mtibabu: anakimbia katikati ya risasi akiwatupia dawa wenzake walioumia, wanainuka. Nisreen ndiye mtibabu. Katika mchezo mzima wa kuuana, mwanao amechagua kuponya, na amemzoea mtu huyo mwaka mzima. Hawezi kuja kumbadilisha asubuhi ya fainali, kama vile kipa hawezi kwenda kufunga magoli.

Watengenezaji wa mchezo wanakupa mtu huyo bure, na vazi lake moja la bure. Nadhani unalijua sasa. Ukitaka vazi jingine, unalinunua. Vijana wanayaita mavazi hayo skini. Na hili ndilo jambo la kulishika: skini haiongezi kitu chochote. Mtu wako hakimbii zaidi, hapigi kwa shabaha zaidi, hafi polepole zaidi. Ni sura tu.

Unakumbuka ulipomruhusu kucheza ulimpa masharti matatu. Masomo mbele. Awe nyumbani kabla ya magharibi. Na asinunue kitu chochote cha mchezo ule bila idhini yangu mimi, hata kwa pesa zake mwenyewe za kupaka hina. La kwanza amelitimiza. Alama zake za ufamasia unazo. La pili amelitimiza. Duka wanalofanyia mazoezi liko Hurlingham, na saa kumi na mbili kasoro huwa nausikia mguu wake kwenye ngazi. La tatu ndilo lililotufikisha hapa.

Jumanne iliyopita, baada ya alasiri, alikuja na chai, akaketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni. Nayakumbuka maneno yote.

"Ami, naomba ruhusa ninunue skini moja."

"Inaongeza risasi?"

"La, ami."

"Inaongeza mbio?"

"La. Haiongezi kitu."

"Basi inafanya nini?"

Akaangalia zulia. "Ni muonekano tu, ami."

Zaki, wewe unanijua. Mtu akinipa jibu kama hilo huwa nimepewa chaki. Niliinuka nikaitoa ramani yangu ya zamani ya Afrika Mashariki, nikaikunjua mezani, nikamwonyesha Mlima Kenya ulivyopakwa rangi ya kahawia. Nikamwambia kwamba mlima hauinuliwi na rangi. Ukiupaka kijani mlima ni uleule, na anayeupanda atatweta vilevile. Nikaendelea hivyo, nadhani, kwa dakika ishirini. Nilifurahia sana mfano wangu. Nilihisi kama nimerudi kidato cha pili.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha simu yake na kusema, "Basi ami hutaki hata kuliona vazi lenyewe?"

Nikaupunga mkono. Nilisema hakuna la kuona.

Akasema, "Sawa, ami." Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Nimelirudia jambo hilo kichwani kila swala tangu Jumamosi. Ningaliinyoosha mikono hii nikaipokea simu, ningaliona. Sikuona. Nilijibu swali ambalo hakuniuliza, nikalijibu vizuri, nikaridhika.

Utauliza, mbona hakusema waziwazi? Nami nilijiuliza. Jibu ni kwamba tumemlea vizuri. Angemwambiaje ami yake kwamba mtu wake wa kwenye kioo yuko nusu uchi? Angelitumia neno gani? Kama mke wangu Zeyana angekuwa hai, angekwenda jikoni akamnong'oneza, na Zeyana angenijia na maneno mawili, na yangekwisha. Lakini katika nyumba hii sasa hakuna mwanamke wa kunong'onezwa. Kuna mwalimu mstaafu na ramani yake. Katika mashindano madogo ya nyuma walikuwa wakicheza dukani, kila mtu na kioo chake, hakuna anayemwona mtibabu huyo ila yeye na wenzake. Jumanne hiyo ndipo walipoarifiwa kwamba fainali itarushwa moja kwa moja na kwamba kila mchezaji ataonyeshwa mtu wake kwa ukubwa wa ukuta, na jina lake kamili. Akaja kwangu siku ileile.

Basi Jumamosi tulikuwa Kilimani, ghorofa ya juu ya jengo la maduka, ukumbi umejaa vijana na harufu ya chipsi. Mimi nilipewa kiti cha mbele kwa ajili ya ndevu hizi. Mtangazaji, kijana mmoja aitwaye Kibe mwenye sauti ya kuuza mitumba, akaanza kuwataja wachezaji. Alipofika kwa wetu, taa zikazimwa, mwanamke yule akajitokeza ukutani.

"Na huyu ni Nisreen, watu wangu! Makofi! Lakini Nisreen, si hii Nairobi iko na baridi, ama aje?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nahodha wa timu pinzani, kijana wa Uthiru anayeitwa Lenox, akapaza sauti, "Tumchangie sweta!" Wakacheka tena. Kamera ikamgeukia Nisreen mwenyewe, ameketi na mtandio wake, kidevu kimeingia kifuani kabisa, nami nikaona mikono yake imeshikana mapajani kama ya mtoto anayesubiri fimbo.

Ndipo simu yangu ikalia, na ulikuwa wewe.

"Kaka, mtoe hapo. Sasa hivi." Halafu, "Nipe niseme naye."

Nikamfikishia simu. Sikusikia uliyomwambia. Nilisikia aliyojibu yeye. "Naam, baba." Kisha tena, "Naam, baba." Mwishowe, "Naam, baba. Ijumaa." Akanirudishia simu, na wewe ulikuwa umeshakata.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Ndiyo, Zaki, hata hapo nilikuwa na ujasiri wa kumwuliza. Aliyejibu ni nahodha wa timu yake, Emmah, binti mmoja mrefu ambaye mama yake anauza nguo za shule kule Uthiru, na ambaye hajafundishwa kunihofu.

"Mzee, si alikuja kukuomba Tuesday? Alituambia ami amekataa. Sisi tukamwambia atumie simu ya mtu mwingine, akasema aliahidi babake."

"Emmah, nyamaza," Nisreen akasema.

"Sinyamazi. Unaenda kupelekwa Arabuni juu ya nguo ya kompyuta?"

Zilikuwa zimebaki dakika saba raundi ya kwanza ianze. Nilikuwa na amri yako sikioni, mtoe hapo. Nilikuwa na mtoto mbele yangu ambaye amefedheheka kwa sababu alikutii wewe na kunitii mimi. Na wenzake watatu ambao bila mtibabu wangetangazwa wameshindwa kabla ya kuanza. Kama ningemtoa wakati ule, Zaki, angetoka ukumbini akipita chini ya picha ile, na watu wangeikumbuka hiyo peke yake. Nikamwambia aketi. Sikumtoa. Hili nalikiri kwako kama nilivyolifanya, kwa kukusudia.

Nikasema, "Nionyeshe hilo vazi."

Akaniwekea simu mbele. Kanzu ndefu ya rangi ya mchanga mpaka kwenye viatu, mshipi mpana, kilemba kilichoteremka kikafunika uso, macho tu yakabaki. Vazi la watu wa jangwani, wameliita. Nililiangalia nikahisi joto limenipanda mpaka masikioni. Vazi lile lilikuwa na stara kuliko nusu ya watu waliokuwa ukumbini, nami nilimtolea ramani.

Tukaanza kulinunua kwa simu yangu. Naona aibu kukuandikia hili, lakini nimeahidi kukueleza yote. Namba ya siri nikaikosea. Nikaikosea tena.

"Mzee, polepole sasa," Emmah akanong'ona. "Ya tatu ukikosa, tumeisha."

Kibe ameshaanza kuwahimiza watu wakae. Dalmas, mwenzao wa tatu, kijana mnene mpole ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akachomoa waya wa kipanya chake akauinua juu. "Refa! Mausi yangu imekufa!" Mwamuzi akaja, akainama chini ya meza kutafuta hitilafu. Ulikuwa uongo mtupu, nami niliyewachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo nikanyamaza nikashukuru.

Nilifumba macho. Namba ile ni mwaka niliomwoa Zeyana. Niliwaza siku ile, mama ameketi mbele na kanga mpya, wewe mdogo umelala mapajani mwake. Mwaka ukaja. Nikabonyeza. Duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka, likazunguka, Dalmas akisema, "Ngoja refa, labda ni shimo ya hii kompyuta." Kisha ujumbe wa malipo ukaingia.

Taa zilipozimwa tena wakaonyeshwa wote wanane wakiingia uwanjani, na yule wa mwisho upande wetu akatembea na kanzu ikipepea nyuma yake. Ukumbi ukalipuka. Lenox akasimama kwenye kiti. "Haki ya nani, mmetuletea mwalimu wa madrasa!" Na Emmah akamjibu bila kumtazama, "Amekuja na kiboko, kaa chini." Safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na nilimwona Nisreen akicheka pamoja nao.

Wewe hukuliona hilo. Televisheni yako ilikuwa imezimwa tangu dakika ya pili.

Walicheza raundi tatu. Walishinda ya kwanza, wakashindwa ya pili, na ya tatu waliipoteza kwa kitu kidogo sana. Mtibabu wetu ndiye aliyekuwa wa mwisho kusimama, peke yake dhidi ya watu wawili, na alimpata mmoja. Kanzu haikumwongezea risasi hata moja. Katika hilo nilikuwa sahihi, na haikunifaa kitu kuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimekaa mahali nilipoweza kumwona mtoto mwenyewe, si wa ukutani. Alipokuwa na lile vazi la kwanza alikuwa amejikunja, macho hayapandi. Alipovikwa la pili, mgongo ulinyooka. Aliwaita wenzake kwa sauti. Alibishana na mwamuzi. Sikuwahi kumwona hivyo, na amekaa kwangu mwaka na nusu.

Mwaka jana uliniuliza kama mapambo yale ya mchezo yana maana yoyote au ni ujinga wa vijana. Nilikuandikia kwamba ni ujinga. Nalirekebisha jibu langu. Mengi yake ni ujinga kweli: wako wanaonunua bunduki yenye picha za ndizi. Lakini huwezi kujua kwa kuuliza linaongeza nini. Sare ya shule nayo haiongezi alama, na mimi na wewe tunakumbuka mama alivyokuwa akizifua zetu kila usiku ili tusikae darasani na mtu akituangalia. Ulitakiwa kuniuliza, nami nilitakiwa kumwuliza yeye: unanunua ili uonekane, au ili usionekane? Hilo tu. Lingechukua pumzi moja.

Tangu Jumamosi jioni begi lake limesimama nyuma ya mlango, limefungwa. Nililifungua kidogo jana akiwa ameenda sokoni, Mungu anisamehe. Ametia nguo, vyeti, msahafu, na ile fremu ya picha yenu. Koti lake jeupe la maabara hakulitia. Amelifua, amelipiga pasi, amelitundika kwenye msumari. Nilipomwuliza akasema, "Huko sitalihitaji, ami." Hakusema kwa kulalamika. Kwa mlalamikaji ningeweza kujibu.

Imebaki mihula mitatu amalize. Mitihani ya muhula huu ni wiki ijayo, na asiyeifanya anarudi mwanzo wa mwaka.

Sasa nakuomba mambo mawili, nami ni kaka yako niliyekubeba mgongoni, kwa hiyo nitaomba bila kuzunguka.

La kwanza, hasira yako ihamishie kwangu. Ulimwekea mlinzi mlangoni, mlinzi ndiye aliyelala. Kama kuna wa kufungiwa safari, ni mimi. Nitakuja Maskati nikae mbele ya wageni wako wanne niwaeleze kwa mdomo wangu kwamba mtoto aliomba stara na mzee wa nyumba akamnyima. Nauli nitajitafutia.

La pili liko ndani ya bahasha hii. Nimeteremka mjini leo kwa mpiga chapa nikachapisha picha moja, ya pale mtibabu alipoingia na kanzu yake, na jina la mwanao limeandikwa chini. Ni herufi zilezile. Nilipoombwa kuangalia, mimi niliupunga mkono. Wewe angalia.

Na ukishaiangalia, fikiri juu ya jambo moja ambalo limeninyima usingizi kuliko yote. Ulimsema kwenye simu mbele yangu, ukampa adhabu, ukamwuliza bila shaka ni nani aliyemruhusu kutoka vile. Alikuwa na jibu. Lilikuwa limesimama hatua moja kutoka kwake, lina ndevu. Maneno mawili tu, ami alinikatalia, yangempa nusu ya msamaha wako palepale. Akasema, "Naam, baba." Mpaka leo hajakwambia, na hajui kwamba nakwambia. Siku niliyomwacha bila vazi mbele ya watu, yeye alinifunika mimi mbele yako.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie yeye. Simu yake ameiweka mezani na sauti ameifungua mpaka mwisho, na ikilia ya mtu mwingine huwa anaiangalia tu.

Nisalimie Bi Mabruka, umwambie unga wa mahamri alioniagiza nimeupata na Dada Syokimau anauleta. Nisalimie Shangazi Rukiya, na mwambie goti langu na lake ni ndugu. Wasalimie pia wale wageni wanne, hata kama sijui majina yao. Mwenyezi Mungu akufikishie Ramadhani ukiwa na afya na moyo mweupe, na atusitiri sote siku ambayo hakutakuwa na mtu wa kutununulia kitu.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa hujui kutembea,

Kaka yako Twahir.